Santuri ya Mwisho ya Bill Withers na Haki ya Msanii Kunyamaza

Majuma machache yaliyopita alinijia nyumbani kijana mmoja niliyepata kumfundisha katika shule ya upili. Alikuwa amebeba bahasha ya kaki, na ndani yake mlikuwa na mkataba wa kurasa nne ulioandikwa kwa Kiingereza kizito cha mawakili. Kijana huyu ana sauti ya kupigiwa mfano, na nyimbo zake mbili tatu zimekwisha kuanza kuchezwa katika matatu za mtaani kwao. "Mwalimu," akaniambia, "nimekuja unisomee. Wanataka nitie sahihi Ijumaa."

Nikavaa miwani nikasoma. Kifungu cha tatu kilisema kwamba kwa shilingi elfu thelathini mtunzi anamwachia mwenye studio haki zote za nyimbo sita zilizotajwa, pamoja na nyinginezo atakazotunga katika muda wa miaka mitano, kwa njia zote za usambazaji zilizopo na zitakazobuniwa, ulimwenguni kote na hata milele. Kifungu cha saba kikaongeza kwamba mwenye studio anaweza kubadilisha maneno, mahadhi na ala bila ya kumwuliza mtu.

Badala ya kumjibu, nilimwuliza kama amepata kumsikia Bill Withers. Hakumjua. Nikampigia mluzi mahadhi ya Lean on Me, naye akacheka, maana aliuimba wimbo huo katika kwaya ya shule alipokuwa kidato cha pili. Kisha akauliza kwa mshangao wa kweli: "Kumbe wimbo ule una mwenyewe?"

Swali hilo ndilo lililonifanya niandike makala haya. Naam, wimbo ule una mwenyewe, na kisa chake kinawahusu walimu na wanafunzi wa nchi hii kuliko inavyodhaniwa. Nitakianza mwishoni kwa makusudi, yaani mwaka wa 1985, pale mwimbaji huyu alipotoa santuri iitwayo Watching You Watching Me, kisha akanyamaza. Aliishi miaka mingine 35, akafariki tarehe 30 Machi 2020 mjini Los Angeles akiwa na umri wa miaka 81, na katika muda wote huo hakutoa santuri nyingine.

Wapenzi wa muziki wa soul, yaani muziki wa roho wa Wamarekani Weusi, wana mazoea ya kuitazama santuri ya mwisho ya mkongwe kama wosia. Huisikiliza wakitafuta buriani, hekima ya uzeeni, labda na toba kidogo. Anayeisikiliza hii ya Withers kwa matarajio hayo atavunjika moyo. Hamna buriani ndani yake. Mna nyimbo za mapenzi, nyingi zikiwa zimevikwa vinanda vya umeme na midundo ya studio iliyokuwa ikipendwa mno miaka ile, nazo zimepitia mikononi mwa watayarishaji kadhaa. Sauti ni ile ile, nzito na tulivu kama ya mtu anayezungumza nawe barazani. Lakini imezungukwa na mapambo hata inakuwa kama mzee wa kijiji aliyevishwa suti ya kukodi. Wimbo kama You Just Can't Smile It Away unaonyesha kwamba kisima kilikuwa hakijakauka. Ndiyo sababu siwaungi mkono wanaosema kuwa mtu huyu aliacha kwa kuwa aliishiwa. Aliacha kwa sababu nyingine, na ili tuielewe hatuna budi kurudi alikotoka.

Withers alizaliwa tarehe 4 Julai 1938 katika kijiji cha Slab Fork, jimbo la West Virginia, mahali palipoishi kwa machimbo ya makaa ya mawe. Alikuwa kitindamimba katika familia ya watoto sita. Baba yake alifariki yeye akiwa bado mtoto, na nyanya yake akawa nguzo kubwa katika malezi yake. Tena alikuwa na kigugumizi. Walimu wasomao haya wanaelewa maana ya jambo hilo darasani: mtoto anayejua jibu lakini haliwezi kutoka kinywani, na wenzake wakicheka kabla hajafika silabi ya pili. Alijiunga na jeshi la wanamaji la nchi yake, akatumika humo miaka tisa, na hapo ndipo alipoanza kukishinda kigugumizi chake. Alipotoka alikwenda Los Angeles mnamo 1967, akapata kazi viwandani, ambako miongoni mwa mengine alikuwa akiunda vyoo vya ndege za Boeing 747. Hakuwa amesomea muziki. Gita alijifunza mwenyewe, jioni, baada ya kazi.

Santuri yake ya kwanza, Just as I Am, ilitoka mwaka wa 1971 chini ya kampuni ndogo ya Sussex iliyomilikiwa na Clarence Avant. Kwenye jalada lake Withers amesimama nje ya kiwanda akiwa ameshika kisanduku chake cha chakula cha mchana. Picha hiyo haikuwa maigizo, kwani alikuwa bado mwajiriwa, na hakuthubutu kuiacha kazi kwa ajili ya biashara aliyoiona kuwa ya kubahatisha. Mwaka uliofuata wimbo wake Ain't No Sunshine ulitunukiwa tuzo ya Grammy. Mwaka huo huo wa 1972 akatoa santuri ya Still Bill, yenye Lean on Me, wimbo uliofika nambari ya kwanza nchini Marekani mwezi wa Julai. Mwenyewe alieleza kwamba aliutunga akiwakumbuka watu wa kijijini kwao, ambao hawakuwa na kitu lakini hawakumwacha jirani aanguke peke yake.

Sisi wa Afrika tulimwona kwa karibu mwezi wa Septemba 1974, alipokuja Kinshasa katika tamasha kubwa lililoandaliwa kutangulia pambano la Muhammad Ali na George Foreman. Pambano liliahirishwa hadi tarehe 30 Oktoba kwa sababu Foreman alijeruhiwa juu ya jicho mazoezini, lakini tamasha likaendelea. Walikuwapo James Brown, B.B. King, Miriam Makeba, Celia Cruz, Franco na Tabu Ley. Katika filamu ya Soul Power, iliyokusanywa kutokana na picha za tamasha hilo na kutolewa mwaka wa 2008, kuna kipande ambacho mimi hukirudia mara kwa mara. Baada ya makelele ya tarumbeta na jasho la James Brown, anaonekana Withers ameketi na gita lake, peke yake, akiimba polepole mbele ya uwanja mzima. Hakuhitaji kitu kingine chochote. Mtu akitaka kujua ni nini kilichopotea kufikia 1985, na akitazame kipande hicho kwanza, kisha aisikilize santuri ya mwisho.

Kampuni ya Sussex ilifilisika, na Withers akahamia Columbia, kampuni kubwa yenye ofisi kubwa na wakubwa wengi. Mwanzoni mambo hayakuwa mabaya. Kati ya 1975 na 1978 alitoa santuri moja kila mwaka, na ile ya 1977, Menagerie, ndiyo iliyotupatia Lovely Day. Baadaye mlango ukafungwa. Kwa mujibu wa maelezo yake mwenyewe, maofisa waliokuwa na kazi ya kuchagua nyimbo walizikataa zake moja baada ya nyingine, wakimweleza yeye, mwana wa mchimba makaa, ni nini ambacho wasikilizaji weusi walitaka kusikia. Mmoja wao alimshauri aimbe upya In the Ghetto, wimbo uliovumishwa na Elvis Presley. Natamani ningekuwapo niuone uso wake alipopewa ushauri huo.

Hivyo ikapita miaka saba bila santuri. Na miaka hiyo haikupita kwa sababu ya ubutu wa kalamu, kwani katika kipindi hicho hicho alishirikiana na mpiga saksafoni Grover Washington Mdogo katika Just the Two of Us, wimbo uliotolewa na kampuni nyingine, ukafika nambari ya pili nchini Marekani mwaka wa 1981 na kumpatia Grammy ya pili. Tuutazame ukweli huu vizuri. Msanii anaambiwa nyumbani kwake kwamba hana kitu cha kuuza, huku kwa jirani bidhaa yake inagombaniwa. Hatimaye, 1985, nyumbani wakamruhusu. Kilichotoka ni santuri ile niliyoieleza. Alipomaliza shughuli zake hakutia sahihi mkataba mwingine wa kurekodi.

Hapa sina budi kuwatendea haki watu wa kampuni, maana ni rahisi mno kwetu sisi tuliokaa kando kuwalaani. Anayetoa fedha za studio, za wapigaji, za matangazo na za usafiri, anabeba hasara ikiwapo, na si ajabu akataka kuwa na sauti. Wala si kweli kwamba msanii aachwe peke yake ndipo apate kung'ara. Katika Ain't No Sunshine kuna mahali ambapo Withers anarudia maneno mawili mafupi mara 26. Yeye alikuwa amekusudia kuandika ubeti mwingine mahali pale. Waliokuwa naye studio, wakiongozwa na mtayarishaji Booker T. Jones, walimwambia aache hivyo hivyo. Akawasikiliza, kwa kuwa wao walikuwa wanamuziki na yeye alikuwa mtu wa kiwandani, na leo mahali hapo ndipo panapokumbukwa na dunia nzima. Huo ulikuwa mkono wa mtu wa nje, na ulikuwa mkono wa baraka.

Basi tofauti ya mkono wa 1971 na mkono wa 1985 ni nini? Kwa maoni yangu, ule wa kwanza ulimsikiliza mtu kwanza, kisha ukamwambia kwamba alichofanya kimetosha. Wa pili ulitazama soko kwanza, ukaona linataka nini mwaka ule, ndipo ukamgeukia mtu na kumtaka afanane nalo. Sisi walimu tunazijua sana aina hizi mbili za masahihisho. Iko kalamu nyekundu inayomsaidia mwanafunzi aseme alichotaka kusema, na iko inayomfuta hata insha ikawa ya mwalimu.

Lakini wasanii walioudhiwa na makampuni ni wengi kama nyota, na wengi wao waliendelea kuimba walichochukia hadi kufa, kwa sababu watoto walihitaji kula. Withers aliwezaje kunyamaza? Jibu haliko katika ujasiri peke yake. Liko katika jambo ambalo wanafunzi wetu wengi hawalijui: kwamba ndani ya wimbo mmoja uliorekodiwa mna mali mbili. Ya kwanza ni utunzi, yaani maneno na mahadhi. Ya pili ni rekodi yenyewe, ile sauti iliyonaswa siku fulani katika studio fulani. Rekodi zake, zikiwamo zile za siku za Sussex, ziliishia mikononi mwa Columbia. Utunzi ulibaki na jina lake, na kila wimbo ulipochezwa redioni, ulipouzwa au ulipoimbwa upya na mtu mwingine, mtunzi alilipwa. Kwa sheria ya Marekani, redio za kawaida humlipa mtunzi wala hazimlipi mwimbaji. Mwimbaji tu, asiyetunga, angekufa njaa katika ukimya ule.

Tazama jinsi mambo yalivyokwenda baada ya yeye kufunga mdomo. Mwaka wa 1987 kundi la Club Nouveau liliurekodi upya Lean on Me kwa mdundo wa vijana, nao ukafika tena nambari ya kwanza, hata mtunzi akapata Grammy ya tatu bila kuingia studio. Mwaka wa 1989 ikatoka filamu iliyochukua jina la wimbo huo, Morgan Freeman akiigiza kama Joe Clark, mwalimu mkuu mkali wa shule ya Eastside huko Paterson, New Jersey. Najua walimu wenzangu kadhaa wanaoipenda filamu hiyo kupita kiasi, hasa wale wa zamu ya nidhamu. Mwaka wa 1996 kundi la Blackstreet likachukua kipande cha Grandma's Hands, wimbo wake kuhusu nyanya yake, likakijengea No Diggity, nao ukatamba. Tarehe 18 Januari 2009, katika sherehe za kumkaribisha Barack Obama madarakani, aliyeimba Lean on Me mbele ya sanamu ya Lincoln alikuwa Mary J. Blige. Kwa miaka mingi mkewe Withers ndiye aliyesimamia kampuni za uchapishaji wa nyimbo zake. Mzee mwenyewe alikaa nyumbani. Mwaka wa 2015 alipoingizwa katika jumba la heshima la muziki wa roki na Stevie Wonder, wengi walishangaa kusikia kwamba bado yu hai.

Nimekwisha kuwasikia wanaomlaumu. Husema kwamba kipaji ni amana, na kwamba kunyamaza miaka 35 ni kuizika amana hiyo ardhini. Kunradhi, sikubaliani nao. Kipaji kilikuwa chake, hakikuwa cha umma wala cha Columbia. Ninachokubali ni kwamba hasara ilikuwako, na iliangukia sisi wasikilizaji. Mtu aliyekoma akiwa na miaka 47 alikuwa na uwezo wa kutupatia santuri kumi nyingine, pengine mojawapo ingekuwa ile ya uzeeni tunayoitamani, mtu na gita lake kama pale Kinshasa. Hatukuipata. Hesabu hiyo wasidaiwe wanaonyamaza, wadaiwe waliowachosha.

Sasa nirudi kwetu, maana mkataba ule wa kurasa nne haukuandikwa Los Angeles. Historia ya muziki wetu ina jeraha la zamani liitwalo Malaika. Wimbo huo ulirekodiwa na Fadhili William, ukaimbwa na Miriam Makeba pamoja na Harry Belafonte, ukaimbwa na Boney M mwaka wa 1981, ukazunguka dunia nzima. Hadi Fadhili alipofariki mwaka wa 2001, na hata baada ya hapo, watu waliendelea kubishana ni nani hasa aliyeutunga. Ubishi wa namna hiyo hustawi mahali ambapo hapana karatasi.

Siku hizi karatasi zipo, na sheria ipo. Katiba ya 2010, katika kifungu cha 40, inaitaka serikali iulinde ubunifu wa wananchi kama inavyolinda mali nyingine. Sheria ya Hakimiliki ya 2001 inasema kwamba haki haihamishwi ila kwa maandishi yaliyotiwa sahihi na mwenye haki, na kwamba utunzi hulindwa kwa muda wote wa uhai wa mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake. Tena inamwachia mtunzi haki ya kutambuliwa kuwa ndiye mtunzi hata akiwa ameshauza mengine yote. Marekebisho ya 2022 yaliweka kwamba katika mapato ya milio ya simu, msanii apate si chini ya asilimia 52. Bunge lilifikia hatua hiyo baada ya kelele za miaka mingi kutoka kwa wasanii waliokuwa wakisikia sauti zao katika kila simu mjini ilhali mifuko yao mitupu.

Hata hivyo sheria haimsaidii asiyeisoma. Tamasha la Muziki la Kenya limekuwako tangu 1927. Karibu karne nzima tumewafundisha watoto wetu kupumua vizuri, kusimama wima, kutamka irabu na kufuata mkono wa kiongozi. Mimi mwenyewe nimekesha shuleni na kwaya nikisahihisha sauti ya tatu. Sikumbuki hata siku moja niliyosimama mbele ya watoto wale nikawaambia kwamba wimbo wanaouimba una mtunzi, kwamba mtunzi hulipwa, na kwamba mmoja wao akitunga wake, awe mwangalifu anapopewa kalamu. Kijana aliyenijia na bahasha alikuwa mwanafunzi wangu miaka minne. Alijua tamathali za usemi kama alfabeti. Kwamba alifika kwangu siku tatu kabla ya Ijumaa, akiamini kuwa wimbo hauna mwenyewe, ni kasoro yangu pia.

Vyuo vya walimu vingeweza kulitenga somo moja tu, la saa mbili, kwa ajili ya jambo hili. Kitabu kipya hakihitajiki. Chukua mkataba mmoja, funika majina, uusome na wanafunzi kama unavyosoma shairi: nani anasema, anamwambia nani, na nini kimeachwa bila kusemwa. Neno "milele" peke yake lingeweza kujaza nusu ya kipindi.

Ama kijana wangu, tuliketi hadi saa nne usiku. Sikumwambia asitie sahihi, kwa kuwa elfu thelathini si fedha za kudharau kwa mtu anayelipa kodi ya chumba, na studio ile ina mitambo asiyoweza kuipata kwingine. Tulipiga mstari juu ya nusu ya kifungu cha tatu, ile inayohusu nyimbo ambazo hajatunga bado. Tukakifuta chote cha saba. Pembeni, kwa mwandiko wake mwenyewe, akaandika kwamba anauza rekodi na kwamba utunzi unabaki wake. Aliondoka na bahasha yake akiupiga mluzi ule wimbo, akiwa amekosea kidogo noti ya katikati, jambo ambalo siku za shule nisingemwachia.

Ijumaa imekwisha kupita. Jana usiku alinipigia simu kusema kwamba mwenye studio amekubali mstari wa kwanza, amekataa wa pili, na anataka waonane tena Jumatatu. Akaniuliza kama ninaweza kwenda naye. Nitakwenda.